Tangi la matumbawe halitaki pupa

Mhariri,

Wanaotaka kufuga samaki wa matumbawe hapa Mwanza wasidhani chumvi ya mezani itayageuza maji ya ziwa kuwa ya bahari. Haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Nunua chumvi maalumu, takribani gramu 35 kwa lita ya maji yaliyochujwa, kisha pima kwa haidromita, kifaa cha kupima uzito wa maji ya chumvi, mpaka isome 1.025.

Kinachoua wengi ni pupa. Mawe na mchanga vikae wiki 4 hadi 6 bila samaki, bakteria wageuze amonia, sumu itokanayo na uchafu, kuwa nitraiti, nayo ni sumu, kisha nitreti isiyo na madhara makubwa. Amonia na nitraiti zikisoma sifuri, anza na samaki mmoja. Maji yakipungua, jazia yasiyo na chumvi: mvuke huondoka, chumvi hubaki. Na pampu ya betri iwe karibu; umeme tunaujua.

Mfugaji, Nyegezi, Mwanza