Gesi haishikiki kwa mkono

Mhariri, naomba nafasi kidogo hapo kwenye barua za wasomaji. Wiki iliyopita nilimsoma mwenzetu mmoja anasema tumbo linamjaa kila siku na akijishika chini ya mbavu za kushoto anasikia kitu kigumu, halafu msomaji mwingine kamjibu eti hiyo ni gesi, aache maharage na soda. Jamani, gesi haishikiki kwa mkono. Imebidi niandike maana sisi hiyo gesi ilitudanganya karibu mwaka na nusu.

Mama yangu mdogo yuko Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, ana miaka 47, toka usichana wake anafanya biashara ya dagaa mwaloni, yani alfajiri yuko ndani ya ziwa maji ya magoti anapokea ndoo kutoka kwenye mitumbwi. Alianza kulalamika tumbo limejaa hata kabla hajala, akipiga tonge tatu kashiba. Baadae kitenge alichokuwa anakizungusha kiunoni kikabaki kufunga kifundo kidogo tu pembeni, huku mikono na mashavu yanaisha. Mtaani wakasema ana mimba, wengine wakasema katupiwa kitu, bibi mmoja jirani akasema hii ni bandama, akamchanja chale upande wa kushoto akapaka dawa nyeusi. Kiukweli huyo bibi ndo alikuwa karibu na ukweli kuliko wote, ubaya ni wembe wake.

Zahanati alienda mara tatu, sitaitaja jina. Mara zote alikaa kwenye kiti, akaulizwa unaumwa nini, akasema tumbo, kalamu ikaanza kuandika. Mara omeprazoli ya kupunguza asidi tumboni, mara dawa ya minyoo, mara ya tatu akapewa zile za vidonda vya tumbo za siku 14. Hakuna hata mmoja aliyemwambia mama panda kitandani nikuone.

Alipokuja kwangu Mwanza nikampeleka hospitali nyingine, tukakuta tabibu kijana tu. Akamlaza chali, akamwambia kunja magoti, akaanza kubonyeza kuanzia chini kulia anapanda taratibu kuelekea mbavu za kushoto, kila akisogeza vidole anasema vuta pumzi mama. Karibu na kitovu akasimama, akanambia na wewe weka vidole hapa. Mama mdogo akavuta pumzi nikasikia kitu kigumu kinashuka kinanigonga vidoleni, mwili ukanisisimka. Akasema hiyo ni bandama, ikiwa nzima kwa kawaida huishiki kabisa, imejificha ndani ya mbavu. Akamgongagonga ubavuni, sauti nzito, akamgeuza alale upande, sauti ikahama, akasema na maji yapo.

Altrasaundi ikaonyesha bandama sentimita 19, wakati ya mtu mzima kwa kawaida haizidi 12 au 13, na ini lina makovu kufuata mishipa. Malaria hakuna, homa ya ini B hakuna, VVU hakuna. Kumbe ni kichocho! Sisi tunajua kichocho ni kukojoa damu, kumbe hicho ni kingine, hiki cha kwetu ziwani minyoo yake inakaa kwenye mishipa ya utumbo, mayai yanapelekwa na damu mpaka kwenye ini yananasa huko, ini linaota makovu, damu inakosa pa kupita inarudi nyuma na bandama inavimba. Na choo walipima hawakuona yai hata moja, dokta akasema kikikaa miaka mingi inatokea hivyo, kwa hiyo ukiambiwa choo safi usirukeruke bado. Wakamwingiza mpira wenye kamera kooni wakakuta mishipa imevimba, wakaifunga, maana ikipasuka mtu anatapika damu na anaweza asifike hospitali.

Sisemi kila tumbo ni kichocho. Tabibu alinieleza hata mahali kitu kilipo panasema jambo. Juu kulia ni ini, chini katikati kwa mwanamke inaweza kuwa uvimbe wa kizazi au mimba ya kweli au hata kibofu kimejaa mkojo, kwenye kinena kitu kinachotokeza ukikohoa na kurudi ukilala ni ngiri. Hata choo cha siku nyingi kinashikika chini kushoto, ila hicho ukikibonyeza kinabonyea (tulicheka hapo). Mama wa zaidi ya miaka 50 ambaye tumbo limeanza kujaa na halipungui apimwe mapema, saratani ya ovari inaanza kimyakimya hivyohivyo. Gesi inakuja na kuondoka, asubuhi tumbo laini jioni ngoma. Ambayo haiondoki, au mtu anakonda, choo cheusi, macho ya njano, hapo omeprazoli tuiache dukani.

Halafu Mhariri, dawa ya kichocho wanapewa watoto shuleni, wale wa mwaloni wanaoshinda majini nani anawapa? Shirika la Afya Duniani toka 2022 linasema sehemu zenye kichocho kingi wapewe wote kuanzia miaka 2, watu wazima humohumo. Mama mdogo kapewa vidonge vyake vya prazikwanteli akiwa na miaka 47, vimeua minyoo lakini makovu ya ini yamebaki, bandama imebaki, chale nazo zimebaki.

Sasa hivi anahudhuria kliniki, maji yamepungua. Mwezi uliopita tulikuta dokta mgeni, mama mdogo hajakaa vizuri kijana kashaanza kuandika. Mama mdogo akaweka mkono juu ya karatasi, akamwambia, "Baba, nishike tumbo kwanza."

Msomaji wenu, Mwanza