Kura 289: barua kwa vijana wetu wa San Antonio

Wanangu,

Salamu kwenu nyote, mliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mkiwa mgongoni mwa mama zenu na mliozaliwa hapahapa Texas. Jumapili, baada ya ibada, niliwasikia mkisema hamtaki tena habari za kura. Mgombea mliyempigania ameanguka, na mnaona miezi yote ile ya kugonga milango juani imekwenda bure. Sikuwajibu palepale kwa kuwa uchungu ulikuwa bado mbichi. Naomba mnisikilize sasa.

Yupo mwanamke mmoja nataka mumjue, Jessica Cisneros. Ni mzaliwa wa Laredo, kule mpakani, mtoto wa wahamiaji kutoka Mexico, na ni wakili wa masuala ya uhamiaji. Mwaka 2020, akiwa na miaka 26, aliomba chama cha Democratic kimpitishe kugombea ubunge wa jimbo la uchaguzi la 28, linaloanzia mpakani na kupanda hadi pande hizi za San Antonio. Kiti kilikuwa cha Henry Cuellar, mbunge tangu 2005. Cisneros mwenyewe aliwahi kufanya mafunzo ya kazi katika ofisi ya mzee huyo mwaka 2014. Kura zake hazikutosha: alipata asilimia 48, mwenzake 52.

Akarudi mwaka 2022. Mwezi Machi hakuna aliyefikisha nusu ya kura, wakaenda duru ya pili tarehe 24 Mei. Tofauti ikawa kura 281. Akaomba zihesabiwe upya, nayo ikaongezeka hadi 289, katika kura zaidi ya 45,000. Watu 289 nimewahi kuwaona kwenye harusi moja ya kwetu.

Tazameni na alichokisimamia, maana mgombea si sura wala umri. Alitaka kila mtu apate bima ya afya ya serikali. Ninyi mmewaona mama zenu wakikaa na jino bovu mwaka mzima kwa kuogopa bili, sina haja ya kuwafafanulia. Alitaka kima cha chini cha mshahara kifike dola 15 kwa saa, nasi hapa Texas tumebaki na dola 7.25 tangu 2009. Alitaka sheria za uhamiaji zirekebishwe, na serikali ichukue hatua kubwa kuhusu tabianchi. Alitetea pia haki ya mwanamke kutoa mimba, wakati Cuellar ndiye Mdemocrat pekee katika Baraza la Wawakilishi aliyepinga muswada wa kuilinda haki hiyo mwezi Septemba 2021. Mimi, kwa imani yangu, hilo la mimba sikubaliani naye, na sitawaficha. Hata hivyo aliliweka wazi mbele ya wapiga kura ambao wengi wao ni Wakatoliki, wakajua wanamchagua nani. Hilo namheshimu nalo.

Alianguka wapi, basi? Kwao. Katika kaunti ya Bexar, huku kwetu, alishinda. Katika kaunti ya Webb, yaani Laredo alikozaliwa, Cuellar alimshinda. Kule nyumba nyingi zinakula kwa mshahara wa askari wa mpakani na maafisa wa forodha, na kwingineko jimboni kuna visima vya mafuta na gesi. Cuellar aliwaambia kwamba sera za binti huyu zitawaondolea kazi. Mtu akishatishwa kuhusu chakula cha watoto wake, ukimweleza habari ya tabianchi hakusikii, hata ukiwa na haki. Inabidi ukae naye sebuleni, urudi tena, umwonyeshe kazi nyingine itatoka wapi.

Wako waliodhani Cuellar ataanguka mwenyewe. Januari 2022 FBI, wapelelezi wa serikali kuu, walipekua nyumba yake na ofisi yake ya kampeni. Alisema hana kosa, na watu wake wa Laredo hawakumwacha. Amekaa nao miaka mingi, wanamfahamu kwa jina na kwa simu. Msijenge kampeni juu ya kungoja mpinzani ateleze.

Na huyuhuyu Cuellar, mnajua alianzaje? Mwaka 2002 aligombea ubunge dhidi ya Henry Bonilla, akashindwa. Mwaka 2004 akahamia jimbo la 28, akapambana na mbunge wa chama chake, Ciro Rodriguez. Hesabu ya kwanza ilimweka nyuma. Kura ziliporudiwa kuhesabiwa akaibuka mbele, na mwisho akapita kwa kura 58. Naye angeenda nyumbani mwaka 2002 akakaa, leo tungekuwa tunazungumza mengine kabisa.

Mimi kura yangu ya kwanza niliipiga Uvira mwaka 1984. Mgombea urais alikuwa mmoja, Mobutu. Ukikubali ni yeye, ukikataa ni yeye. Ndiyo maana nikisikia kura 289 zimeamua nani aende Washington, mwili unanisisimka. Na ndiyo maana maneno yenu ya Jumapili yaliniuma.

Sasa niwaambie kosa lenu, kwa upendo. Mligonga milango ya mitaa ya mbali, mkaiacha ya kwetu. Kwenye majengo tunayoishi kuna mama wengi walioapa uraia na hawajawahi kupiga kura hata mara moja. Wanazungumza Kiswahili na Kibembe na Kifuliiru, na hakuna aliyewafikia kwa lugha hizo. Mlangoni kwangu mimi, mzee wenu, hamkubisha. Cisneros alikosa kwao Laredo, ninyi mmekosa kwenu hapahapa, ghorofa moja chini yenu.

Texas hairuhusu mtu kujiandikisha mara ya kwanza kwa intaneti. Ni fomu ya karatasi, na lazima iwasilishwe au itumwe kwa posta angalau siku 30 kabla ya uchaguzi. Nimeshaomba fomu, ziko mezani kwangu. Mama Furaha wa chini amekubali kujaza, na dada zake wawili, ila wanataka mtu wa kuwasomea. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa nyumbani. Njooni na kalamu.

Mzee wenu