Kabla hujanunua mfumo wa wateja wa bima, tazama msimu wa korosho

Wakati huo nilikuwa bado wakala wa bima ya maisha, sijafungua ofisi hii ya mifumo hapa Mtwara mjini. Alikuja mama mmoja kutoka Tandahimba, kashuka na gari la asubuhi, mkononi ana mfuko wa nailoni, ndani yake polisi, yaani hati ya bima, ya marehemu mumewe imekunjwa mara nne. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," akakaa. Akaniambia mzee alimwachia maneno: likitokea la kutokea, nenda kwa yule wa bima, atakusomea.

Nikafungua daftari langu la kaunta. Mzee alianza Novemba, shilingi 25,000 kila mwezi, hakuruka hata mwezi mmoja mpaka Aprili. Mei hakuna. Juni hakuna. Pembeni ya jina lake nilikuwa nimeandika kwa penseli "apigiwe", na sikumpigia. Siku 30 za kusubiriwa kwenye mkataba zilipita, bima ikakatika, na Agosti mzee akafariki. Mama alirudi Tandahimba na nauli niliyompa mimi, basi.

Mstari ule wa penseli ndio uliniingiza kwenye kazi hii ya kuwawekea mawakala mifumo.

Mawakala wengi wanaokuja ofisini huulizia kwanza kwotesheni, ile hesabu ya ada anayopewa mteja kabla hajasaini. Wanataka kitu cha kutoa hesabu haraka, mteja akiwa bado amekaa mbele yao hajabadili mawazo. Nawaelewa, kamisheni ya mwaka wa kwanza ndiyo inayolisha nyumba. Lakini nikiomba kuona madaftari yao, ninachokuta ni wateja waliokwisha kusaini wakapotea njiani. Bima ikikatika, mteja anapoteza kinga na mara nyingi hela yote aliyokwisha lipa, kwa sababu miaka ya mwanzo polisi huwa haijajenga thamani ya kurejeshewa. Wakala naye anapoteza kamisheni zilizobaki, na kijiji kizima kinapata hadithi ya kusimulia. Kwa hiyo ukiniuliza mimi mfumo upi uchague, nitakuuliza kwanza: huo mfumo unafanya nini Mei?

Mzee wa Tandahimba hakuwa mzembe. Minada ya korosho huanza Oktoba, hela inaingia akaunti za wakulima kupitia AMCOS, vyama vyao vya ushirika, na ikifika Februari msimu umeshatulia. Baada ya hapo ni kutoa tu: palizi, salfa, vibarua wa kupulizia, ada za shule. Mkulima wa korosho tupu ana miezi minne ya hela na minane ya kuvumilia. Mwenye shamba la ufuta ana pumzi nyingine kuanzia Juni, na wa mbaazi naye ana mwezi wake. Ukimwandikia mtu huyu ada ya kila mwezi, umemwandikia mkataba wa mtu wa mshahara. Mwalimu wa Ligula atakatwa kwenye mshahara wala hatakumbuka. Mkulima wa Newala atakatika Mei.

Mfumo unaofaa huku ni ule unaokuruhusu kumwekea kila mteja ratiba yake: huyu analipa mara moja kwa mwaka, Novemba, yule mara mbili, Novemba na Julai, huyu wa bandarini kila tarehe 28. Mifumo mingi ya kusimamia wateja haikutengenezwa kwa ajili ya bima. Inafuatilia mauzo, na mteja akishanunua inamweka kwenye kabati la "imekamilika". Kwetu sisi hapo ndipo kazi inapoanza. Ukionyeshwa mfumo, mwombe muuzaji akufungulie orodha tatu: wanaotakiwa kulipa wiki mbili zijazo, waliopitisha tarehe, na waliopitisha pamoja na siku walizobakiza kabla bima haijakatika. Hiyo ya tatu akishindwa kukuonyesha, mshukuru uondoke.

Na ukumbusho wa mkulima usisubiri siku ya mwisho. Uende mwanzoni mwa Oktoba, kabla hela haijaingia na kugawanywa. Ikishafika mezani nyumbani, kila shilingi ina mwenyewe.

Kwotesheni

Hapa wengi wanapotea kwa sababu ya kutafuta kwenye intaneti. Programu za Marekani kama Compulife zimejengwa kulinganisha ada za makampuni ya Marekani na Kanada. Ni kazi nzuri kwa wakala wa kule, lakini kwenye majedwali yake hakuna kampuni unayoiuzia hapa. Kwetu kikokotoo sahihi ni kile ulichopewa na kampuni yako, iwe ni faili la ekseli au ukurasa wa kuingia kwa nywila. Mfumo wako wa wateja kazi yake ni kuhifadhi kilichotoka pale: tarehe, kiasi cha bima, muda, nyongeza alizochukua, na jedwali la mwaka gani lilitumika. Muuzaji akikuambia mfumo wake "una ada zote ndani", muulize nani anazibadilisha kampuni ikitoa jedwali jipya, na baada ya siku ngapi. Kwotesheni ya jedwali la zamani ni ahadi ambayo kampuni haitaitimiza, na mteja atakudai wewe.

Jambo linaloangusha hesabu mara nyingi kuliko yote ni umri. Chukua mteja aliyezaliwa Agosti 14, 1986, unamhesabia Machi 3, 2025. Kwa umri aliokwisha kutimiza ana miaka 38. Kwa umri wa siku ya kuzaliwa ijayo ana 39. Kwa siku ya kuzaliwa iliyo karibu zaidi ana 39 pia, kwa kuwa Agosti ijayo iko karibu kuliko iliyopita. Ungemhesabia Januari angekuwa na 38. Kila kampuni ina kanuni yake, na mwaka mmoja unabadilisha ada ya mkataba mzima. Mfumo uwe unachukua tarehe ya kuzaliwa na kuhesabu wenyewe kwa kanuni ya kampuni husika. Ukiona kuna kisanduku cha kuandika "umri" kwa mkono, ujue makosa yameshapewa mlango.

Tarehe hiyo itoke kwenye namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ndizo mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Wazee wengi waliandikishwa kwa tarehe ya kukadiria, na mzee atakuambia alizaliwa mwaka mwingine kabisa. Msikilize kwa heshima, kisha uandike ya NIDA, maana siku ya madai karatasi zote zitalinganishwa na hiyo.

Kuna jambo moja kwenye kwotesheni ambalo nalishikilia sana. Kwa bima zenye akiba ndani yake, kama za elimu ya watoto, kuna kiasi cha uhakika na kuna bonasi inayokadiriwa. Kikokotoo hutoa vyote viwili, na wakala mwenye haraka husoma jumla ya vyote viwili iliyoandikwa chini ya karatasi. Mteja anasikia milioni tano, anakwenda nazo nyumbani, anamwambia mke, zinakuwa milioni tano za familia. Baada ya miaka kumi anapokea pungufu na anakuita mwizi, na huna la kujitetea. Sisi tukimwekea wakala fomu ya kwotesheni, kiasi cha uhakika tunakiandika kwa herufi nene, bonasi tunaiweka kwenye mstari wake na neno "makadirio" mbele yake, na jumla ya vyote viwili hatuiweki kabisa. Wapo mawakala waliotuomba tuirudishe. Tumekataa.

Kwenye karatasi hiyohiyo weka ada ya mwezi na ada ya mwaka zikitazamana. Shilingi 25,000 kwa mwezi ni 300,000 kwa mwaka, na makampuni mengi hupunguza kidogo kwa anayelipa mwaka kwa mkupuo. Mkulima akiziona pamoja, mwenyewe atakuambia, "Basi nitatoa Novemba." Weka pia namba yako ya usajili wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, mteja ajue anaongea na mtu anayetambuliwa.

Majina

Huku kwetu mtu mmoja anaweza kuwa na majina matatu. Kuna alilopewa utotoni, kuna alilotoka nalo jandoni au unyagoni, na kuna lililoandikwa NIDA. Ukifika kijijini ukaulizia la NIDA, watu watatazamana. Halafu Mohamedi wa kwenye polisi ni Muhamedi wa kwenye simu na Mohamed wa benki. Mfumo unaotafuta kwa jina peke yake utakutengenezea wateja watatu kutoka kwa mtu mmoja, na malipo ya Novemba yataangukia kwa yule asiyekuwepo. Hakikisha utambulisho mkuu ni namba ya NIDA, na pawe na sehemu ya kuandika "jina analoitwa kijijini". Mnufaika naye aandikwe hivyohivyo, na namba ya simu ya mtu wa tatu, jirani au mtoto mkubwa. Mkulima akibadilisha laini, ni huyo atakayekufikisha.

Ujumbe

Wateja wengi wana kitochi, kwa hiyo ukumbusho ni SMS. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160. Lakini ukinakili maandishi kutoka programu ya kuandikia barua, ile alama ya juu kwenye "ng'" hubadilika ikawa ya kupinda, na alama hiyo moja hushusha kikomo mpaka herufi 70. Ulichodhani ni ujumbe mmoja kinakuwa miwili au mitatu, na unalipia yote. Nimeona wakala anamaliza salio la mwezi kwa siku nne kwa sababu ya "tunang'amua". Andika ujumbe ndani ya mfumo wenyewe, na uwe mfupi: salamu, jina lake, kiasi, tarehe, namba ya kumbukumbu ya malipo ya kampuni. Usiweke namba yako ya simu kama mahali pa kutuma ada. Hela ya mteja iende kampuni moja kwa moja, risiti ibaki kwake.

Siri za mteja

Fomu ya bima ya maisha inauliza presha, sukari, virusi vya UKIMWI, upasuaji, mama alifariki kwa nini. Mtu anakujibu hayo akiwa amekuamini. Kisha wakala anaipiga picha fomu na kuitupa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi lenye watu arobaini, ili msimamizi aione. Jambo hili linaniumiza kila ninapoliona, na naliona mara nyingi. Mji wetu ni mdogo. Kati ya hao arobaini yupo shemeji wa mteja.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Kwa hiyo muuzaji wa mfumo akuambie taarifa zinakaa kwenye kompyuta za nchi gani, nani anaweza kuzifungua, na ukiajiri kijana wa kuingiza malipo kama unaweza kumfungia kurasa za afya asizione. Mimi kwa mawakala wadogo nashauri majibu ya afya yasiingie kabisa kwenye mfumo wa wateja. Yaende kampuni kwa njia yao, kwako ibaki alama tu kwamba fomu imepelekwa tarehe fulani.

Mtandao wa huku mnaujua. Mei 12, 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikasuasua nchi nzima, na mwezi huohuo barabara ya Dar ilikatika Somanga. Mfumo unaofunguka mtandao ukiwepo tu utakuacha Nanyumbu ukiwa na mteja mbele yako na duara linazunguka kwenye kioo. Jaribu mbele ya muuzaji: zima data, ingiza mteja mpya, washa data, uone kama amefika.

Kuhusu gharama nitasema wazi ingawa nafanya biashara hii. Ukiwa na wateja chini ya mia moja, usinunue kitu. Ekseli iliyopangwa vizuri inatosha: mstari mmoja kwa kila polisi, safu ya tarehe ya malipo yajayo, rangi nyekundu kwa waliopitisha. Ukitaka kuvuka hapo, Zoho CRM ina toleo la bure la watumiaji watatu, unaweza kujifunzia. Ukifika kulipia, angalia kama bei ni ya dola, kwa sababu kamisheni yako ni ya shilingi. Na kabla ya kulipa hata senti, omba kuonyeshwa jinsi ya kutoa orodha yako yote ya wateja kwenda ekseli. Asiyekuruhusu kutoka na wateja wako, usiingie kwake.

Sisi kazi yetu ni kuhamisha daftari kwenda kwenye mfumo, kupanga ratiba za msimu na kukaa na wakala mpaka atume ukumbusho wake wa kwanza mwenyewe. Tunapendelea kufanya hivyo Agosti na Septemba, minada haijaanza. Ukija, njoo na daftari kama lilivyo, hata kama limelowa, na simu yenye ujumbe wa malipo. Usianze kulinakili upya nyumbani, tutalisoma pamoja. Tutaanza na kurasa za wateja walioanza Novemba iliyopita, na maandishi yote ya penseli ya pembeni.