Kaka wa bodaboda, ahsante sana

Kaka uliyeshusha abiria uchochoroni kwetu, Mbagala Rangi Tatu, Jumanne jioni: jina lako sikulipata, wanangu wanakuita "anko wa kofia nyekundu". Mimi na baba yao tunafunga duka Kariakoo giza limeshaingia, na foleni ya barabara ya Kilwa ndiyo usiseme. Watoto wakitoka shule wanajifungulia wenyewe, wanapasha kiporo.

Siku hiyo mpira wa gesi ulichomoka. Mkubwa akatoka nje akilia kwamba kunanuka. Ukaingia, ukafunga mtungi, ukafungua milango na madirisha, na mdogo alipokimbilia swichi ya taa ukamdaka mkono. Wengi wetu tungewasha taa kwanza tuone kuna nini! Gesi ile ni nzito kuliko hewa, inatanda chini sakafuni, na cheche moja tu inatosha. Kisha ukakaa nao barazani kwa jirani hadi nilipofika, abiria wanakuita unawakatalia. Hela ya mafuta nayo ukaikataa, eti "mama, wanunulie watoto maandazi".

Mungu akuzidishie, kaka. Anayemfahamu amfikishie salamu hizi. Mtungi sasa uko nje, na mama mwenye nyumba anakaa na watoto mpaka turudi.