Barua ya wazi kwa vijana wa mtaa wetu: kodi mnalipa, maswali mmemwachia nani?

Wanangu, salaam.

Kila mwanzo wa mwezi hakosekani kijana wa kunisimamisha njiani akilalamika kwamba LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, inamwibia. Kanunua umeme wa 2,000, kapata wa 500. Namwambia atoe simu tuusome ujumbe pamoja. Ile 1,500 iliyokatwa ni kodi ya majengo. Hukatwa mtu anaponunua umeme mara ya kwanza ndani ya mwezi, na ukikaa miezi miwili hujanunua, deni linakusubiri. Utaratibu huu ulianza Agosti 2021 kwa 1,000 kwa mwezi, na 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Jengo la ghorofa hapa mjini ni 90,000 kwa mwaka kwa kila ghorofa.

Na kisheria kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Tunza ujumbe wako, siku ya kulipa pango mwonyeshe, muikate humo. Najua wenye nyumba wenzangu watanuna. Wanune.

Lakini si hilo lililonishikisha kalamu. Zamani karatasi ya madai ililetwa mpaka mlangoni, na ugomvi ukaanzia papo hapo: mnataka hela, huu mtaro mbona umeziba tangu masika? Aliyeleta karatasi alirudi manispaa na maneno yetu masikioni. Siku hizi inakatwa kimya kimya, huna wa kumuuliza. Tena Julai 2016 ukusanyaji ulitolewa halmashauri ukapelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, na hapo ndipo diwani alipopata pa kujifichia: "Hiyo ni ya serikali kuu, hainihusu." Nimelisikia jibu hilo kwenye mkutano wa mtaa, na watu wakapiga makofi!

Wanangu, msipige makofi. Hata tukimwachia hilo, bado kuna ushuru wa huduma, leseni za biashara, ushuru wa masoko, na ada ya taka ambayo mnailipa gari lije lisije. Hizo baraza lake ndilo linalozipangia matumizi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni mikopo ya vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na marejesho mabovu, mwaka uliofuata ikarudishwa. Kata yetu vikundi gani vimepata? Nani amerejesha? Sijamsikia kijana hata mmoja akiuliza, na hela ni zenu.

Sisi wazee tumewahi kuishi mjini bila baraza. Baada ya madaraka mikoani ya 1972, utawala ulipopelekwa kwa maofisa wa serikali mikoani, halmashauri za miji zilifutwa. Taka zikarundikana, mitaro ikaziba, kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 serikali ikazirudisha zile za miji. Kwa hiyo anayeniambia diwani hana maana, afadhali tumfute, simsikilizi. Maana anayo, ndiyo sababu namtaka ajibu.

Sasa mkienda mkutanoni, msimuulize "maendeleo yako wapi?" Swali hilo atalihutubia nusu saa na mtarudi na soda. Mtajieni mtaro wenyewe, ule wa nyuma ya soko. Umetengewa shilingi ngapi kwenye bajeti ya mwaka huu, zimetoka ngapi, mkandarasi nani? Kisha mwombeni mtendaji abandike taarifa ya mapato na matumizi pale ofisini, na mwenye simu aipige picha. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi, nendeni wawili watatu mkakae nyuma. Na kila Aprili ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zinapowekwa mezani bungeni, ipo moja ya serikali za mitaa peke yake. Itafuteni humo manispaa yetu. Matusi ya kwenye grupu la WhatsApp hayaingii kwenye muhtasari wa kikao chochote.

Neno kwa wenye bibi na babu zenu: mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato anasamehewa kodi ya nyumba moja anayoishi. Mchukueni na kitambulisho chake mpaka ofisi inayosimamia kodi hiyo, na namba ya mita mkononi, maana peke yake hatakwenda.

Maswali ya mtaro nimeshayaandika. Karatasi iko kwa mjumbe wa shina, inasubiri saini zenu kabla ya mkutano.