Barua kwa Rafiki Aliyeko Masaka: Mstari, Mto na Mgeni Wetu

Bukoba, Jumapili jioni

Ndugu yangu mpendwa,

Salaam nyingi baada ya kimya kirefu. Huku tu wazima, mvua zimeanza vizuri, na mguu wa Ma Koku umepona kiasi cha kumwezesha kunigombeza akiwa amesimama. Natumaini nanyi hamjambo.

Nakiri kwamba kimya changu hakikutokana na kazi nyingi. Nilikasirika. Siku ile tulipokaa Mutukula baada ya harusi, ulisema mbele ya wakwe zangu kwamba Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979, vilikuwa ugomvi wa mpaka tu, nami nikainuka kwenda kukagua gari ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Kilichonirudisha kwenye kalamu ni mpwa wangu, ambaye amepewa shuleni insha ya kueleza chanzo cha vita hivyo. Nilimjibu kwa neno tulilolelewa nalo, kwamba Idi Amin, mtawala wa Uganda wakati ule, alikuwa nduli. Akaniuliza: kama alikuwa nduli tangu 1971, mbona alingoja hadi 1978? Nikagundua kwamba jibu langu lilikuwa bovu kama lako.

Nianze na mpaka, kwa kuwa ndiyo ngao yako. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walitugawana kwa mkataba uleule ulioamua mambo ya Unguja na ya kisiwa cha Heligoland, na upande huu wa ziwa wakaridhika na mstari wa latitudo ya digrii 1 kusini mwa Ikweta, mstari ambao haukuuliza mto unapita wapi wala nani ameoa kwa nani. Ndiyo maana ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, kutoka Kyaka hadi Mutukula, iko Tanzania, ilhali mto huohuo unaingia ziwani ukiwa kwenu Uganda. Ni mstari wa ajabu, sikatai. Lakini Milton Obote, aliyemtangulia Amin, alipokuwa akitawala Kampala, mstari huohuo haukutugombanisha, na mwaka 1964 kule Cairo Nyerere mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kutetea azimio la nchi huru za Afrika kwamba mipaka tuliyorithi iheshimiwe.

Kwa maoni yangu, tarehe ya kuanzia ni 25 Januari 1971. Obote alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin akampindua, Nyerere akakataa kumtambua Amin, na Obote akapewa hifadhi Dar es Salaam. Mgeni huyo hakuja na sanduku la nguo pekee. Septemba 1972 wafuasi wake walivuka kutoka ardhi yetu kuelekea Masaka na Mbarara wakapigwa vibaya, na ndege iliyokusudiwa kuwapeleka wapiganaji wengine Entebbe ikapasukiwa magurudumu kwenye uwanja wa ndege wa Kilimanjaro; ningecheka, kama hawangekufa watu. Amin akajibu kwa mabomu hapa Bukoba. Mwezi uliofuata, kwa usuluhishi wa Siad Barre, kiongozi wa Somalia, pande zote mbili zilikubaliana Mogadishu kuyaweka majeshi yao umbali wa kilometa 10 kutoka mpakani na kutowasaidia wapinzani wa mwenzake. Nilipofika hapo mpwa wangu aliniuliza, "Kwa hiyo, mjomba, sisi ndio tulioanza?" Nilimwambia aniongezee sukari kwenye chai.

Swali lake la kwanza, la kwa nini 1978, naona jibu lake liko kambini kwenu kuliko mtoni kwetu. Aprili mwaka ule Makamu wa Rais, Mustafa Adrisi, aliumia katika ajali ya gari, askari waliomtii wakaingiwa na shaka, na vikosi vikaanza kuasi. Wapo wanaosema waasi walikimbilia upande wetu wakafuatwa, na wapo wanaosema Amin alitafuta pa kuwashughulisha askari wake kabla hawajamgeukia yeye. Vyovyote iwavyo, tazama mpangilio: jeshi lilivuka kwa wingi tarehe 30 Oktoba, na tangazo kwamba ardhi hadi mtoni sasa ni ya Uganda likatoka tarehe 1 Novemba, ng'ombe wa babu wakiwa wamekwisha kuswagwa kwenda kwenu. Siku iliyofuata Nyerere aliposema kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo, sababu hiyo ilikuwa na umri wa karibu miaka minane.

Tena, lau vingekuwa vita vya mpaka tu, tungegeuka tulipofika Mutukula. Hatukugeuka. Februari 1979 tuliingia Masaka na mizinga ile mliyoiita saba-saba, tukaubomoa mji wenu kulipiza ya Kagera, na Aprili tukawa Kampala. Nimewaza kwamba labda ndiyo maana unapenda kusema ni mpaka, kwa kuwa ugomvi wa mpaka hauna mkosaji aliye hai, na sisi wawili tunaweza kuumaliza kwa kuwalaumu Wazungu wa 1890. Kama ndivyo ulivyokusudia siku ile, basi mimi ndiye niliyekosea kuinuka, ingawa bado... tutaongea.

Sasa nina ombi. Yule Mzee wa Kalisizo alikuwa katika kikosi cha Simba cha jeshi la Amin, Mbarara, mwaka ule. Je, unaweza kumwuliza kilichotokea kambini Oktoba ile? Ni kweli palikuwa na uasi, au ni hadithi iliyotengenezwa baadaye? Waliambiwa habari ya mto kabla ya kuvuka, au waliisikia redioni kama sisi? Atakubali kuzungumza na mtoto wa Kitanzania kwa simu, au ni mapema mno hata sasa? Na wewe, bado umenuna?

Insha inatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo, hivyo tafadhali mwone Mzee kabla ya Jumatano.

Wako,
Mwenye gari lisilo na kasoro