Vikabichi vya Brussels: Kwa Nini Saladi Yako Hutoka Chungu na Ngumu

Tangu tulipoanza kuleta vikabichi vya Brussels katika duka letu la mboga hapa Dar es Salaam, malalamiko ya wateja yamekuwa mawili tu, nayo hufika pamoja: kwamba saladi yake ni chungu, na kwamba mtu huitafuna mpaka taya zikachoka. Wengi wa wanaolalamika walikuwa wameila hotelini wakaipenda, wakanunua nusu kilo ili wakaitengeneze nyumbani, na walipoiweka mezani haikufanana hata kidogo na ile waliyoikumbuka. Tumeona ni vyema tuyaandike yale ambayo huwa tunayaeleza dukani, kwa sababu mara nyingi kasoro haiko kwenye mboga, bali kwenye kisu na kwenye saa.

Nakiri kwamba kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe kabla ya mteja yeyote. Jumapili moja nilivikata vikabichi vipande vinne vinne, kama mtu anayeandaa mboga ya kuchemsha, nikavimiminia limau na mafuta ya zeituni dakika ileile ya kupakua. Mjomba wangu, baada ya kutafuna kwa heshima kwa muda mrefu, akaniuliza kwa nini siku hizi kabichi zinavunwa kabla hazijakua. Swali lake lilikuwa la haki, maana wengi hudhani hivyo. Kwa kweli hivi si kabichi changa, bali ni machipukizi yanayoota pale jani linapoungana na shina, na shina moja refu hubeba vichwa vingi vilivyopangana kutoka chini hadi juu. Mmea huu hupenda baridi, ndiyo maana mzigo wetu hautoki Pwani bali hutoka milima ya Usambara, upande wa Lushoto, na ule wa miezi ya Juni hadi Agosti mara nyingi huwa na utamu zaidi, kwa kuwa baridi huufanya mmea uongeze sukari kwenye majani yake.

Uchungu wenyewe una asili yake. Vikabichi, kama walivyo ndugu zake kabichi, figili na haradali, vina viambata viitwavyo glukosinolati, ambavyo hukaa ndani ya jani vikiwa vimetengwa na kimeng'enya kiitwacho mirosinase. Jani likikatwa, viwili hivyo hukutana na kuzaa ule ukali unaopanda puani. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Uholanzi walibaini viambata vinavyochangia uchungu huo zaidi, na wazalishaji wa mbegu wakaanza kuchagua aina zenye uchungu mdogo. Kwa hiyo mteja aliyewahi kuishi Ulaya zamani, akachukizwa na vikabichi vilivyochemshwa mpaka vikanuka, asivihukumu vya leo kwa kumbukumbu ile.

Uchungu uliobaki hutulizwa kwa chumvi, kitu kichachu, mafuta na utamu kidogo, na hapa mpishi wa Pwani hahitaji mwalimu. Vitunguu vya kachumbari hukatwa vyembamba, hufikichwa kwa chumvi, kisha huachwa kidogo mpaka vilegee na ukali upungue. Saladi hii hufuata njia hiyohiyo, isipokuwa chumvi yake huwa ndogo na haioshwi tena.

Kwa watu wanne au watano chukua nusu kilo. Bandua majani ya nje yaliyochakaa, loweka vichwa kwa dakika chache katika maji ya chumvi ili wadudu waliojificha watoke, kisha visuuze kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kwa sababu mboga hii italiwa mbichi. Vikaushe kwa kitambaa. Maji yakibaki, limau na mafuta havitashika. Kata kichwa katikati kupitia kwenye kikonyo, kilaze upande bapa chini ili kisibingirike, kisha ukate kuanzia juu kuelekea kwenye kikonyo, nyembamba kadiri mkono wako unavyoweza, na kile kipande kigumu cha mwisho ukitupe. Anayetumia kile kifaa bapa chenye wembe cha kuchania kabichi atamaliza upesi, lakini ashike kichwa kwa kikonyo na asijaribu kukimaliza chote, kwani tumeshauza plasta kwa wateja wawili.

Nyunyizia nusu kijiko cha chai cha chumvi, fikicha kwa mikono kwa dakika moja au mbili mpaka majani yang'ae na yapungue ujazo, kisha changanya vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau, vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya zeituni, kijiko cha chai cha haradali na kingine cha asali. Iache dakika ishirini. Dakika hizo ndizo ambazo wateja wetu wengi huziruka, na ndizo zinazoitofautisha saladi yao na ile ya hotelini.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani huongeza jibini ya Parmesan na lozi. Jibini hiyo hapa mjini ni ghali, na kwa maoni yangu si lazima: korosho zilizokaangwa na kupondwa kidogo hutoa mafuta na utamu wa kutosha, ila zitiwe mwishoni kabisa zisije zikalainika. Ukitumia ndimu badala ya limau, anza na kijiko kimoja na nusu, kwa kuwa ukali wake ni mkubwa zaidi. Msimu wa maembe, embe bichi lililokwaruzwa linaweza kuchukua nafasi ya limau lote, na hapo asali iongezwe kidogo. Tende zilizokatwakatwa hufaa sana. Parachichi sipendekezi, kwa sababu hufunika kila kitu.

Zipo wiki ambazo mzigo haufiki. Wiki hizo chukua kabichi ya kawaida iliyofunga vizuri, ondoa kiini, uikate vivyo hivyo na uipe muda uleule. Itakuwa na maji zaidi, kwa hiyo ikamue kidogo kabla ya kutia mafuta.

Kwa joto la jiji letu, vikabichi visiachwe juu ya meza jikoni hata nusu siku. Viweke kwenye friji bila kuviosha, ndani ya mfuko usiobana, navyo vitakaa wiki moja hivi. Mteja anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, azungumze kwanza na daktari wake kabla ya kuanza kula saladi hii mara kwa mara, kwa sababu mboga hii ina vitamini K nyingi, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Saladi ikibaki, iweke kwenye friji. Kesho yake itakuwa imelegea lakini bado inalika, na ikikaangwa haraka kwa kitunguu na kitunguu saumu huwa mboga nzuri ya kulia wali.